Gitaa la Nyuzi Saba, na Begi Lake

Johannesburg,
Jumapili ya pili ya mwezi wa sita.

Kwa mama yangu mpendwa, Talatala, Kyela.

Mwagonile, mama.

Naanza na goti. Mjukuu wako Tumpe aliniambia kwenye simu kwamba goti lako la kushoto bado linakusumbua asubuhi, na kwamba fimbo uliyochongewa umeiegemeza nyuma ya mlango kwa sababu, umesema, wewe hujazeeka. Sawa, mama, hujazeeka. Lakini njia ya kisimani inateleza, basi ichukue hata kama ni ya kufukuzia bata tu. Mpunga mmeshauingiza wote ndani? Kakao imezaa vipi mwaka huu? Na ule mgomba ulioangukia choo, mliutoa?

Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya huku imeanza. Asubuhi majani yanakuwa meupe kama yamemwagiwa unga. Bado niko kwenye karakana ile ile ya makochi, na nakula vizuri. Mchele wa huku nimeuzoea, ingawa haunukii kama wetu, ukiupika jirani hajui kama umepika.

Mzee aliyekuletea barua hii anaitwa Kondwani. Ni mtu wa Karonga, hapo ng'ambo ya mto Songwe tu, na tunafanya kazi meza moja. Mkaribishe kama ndugu. Bibi yake mzaa mama alizaliwa Katumba Songwe, kwa hiyo Kinyakyusa anakisikia chote, msimsengenye mbele yake. Amekuwekea mzigo mrefu mweusi wenye mikanda miwili. Najua umeshaukisia. Nakuomba usiufungue kwanza, wala usimwambie aondoke nao. Soma barua hii mpaka mwisho. Na uisome mwenyewe, kwa miwani yako, hata kama itachukua siku mbili. Usimpe Tumpe akusomee. Kuna neno humu ambalo nataka ulipate wewe kwanza, tena kutoka kwangu, kisha utaamua nani mwingine alisikie.

Ndiyo, mama. Ni gitaa.

Nayajua maneno uliyoyasema siku mlipoanua matanga ya kaka. Ulisema gitaa lisiingie tena katika nyumba hii. Lile lake lililovunjika shingo ukaamuru lipandishwe dari ya jikoni, kwenye moshi. Na ulisema, "Mkono ulioshika kile kitu ndio ungemshika mwenye pikipiki." Tumpe ndiye aliyeniambia, akilia. Mimi sijawahi kukujibu. Kila tunapozungumza kwenye simu unaniuliza nimekula nini, nami nakuuliza mvua, tunaagana. Mwaka na miezi miwili sasa tunaulizana chakula na mvua.

Gitaa hili alinitia kichwani kaka Gwakisa mwenyewe. Ilikuwa mwaka mmoja kabla hajafariki. Alinipigia mchana, niko nje ya karakana nakula mkate, akapiga kelele mpaka nikasogeza simu mbali na sikio.

"Mdogo wangu! Nimeona gitaa lina nyuzi saba!"

"Saba? Utapigia na miguu?"

"Sikiliza, wewe. Ule wa saba unakaa juu ya ule mnene, na wenyewe ni mnene zaidi. Unashuka huko chini kabisa ninakoimba mimi. Nikilipata hilo, kwaya yetu haihitaji tena gitaa la besi. Kidole gumba kinapiga besi, hivi vingine vinapiga wimbo."

"Na kuimba utaimba saa ngapi?"

"Kinywa kina kazi gani nyingine?"

Nilicheka, nikamwambia amalize kwanza kuzijua zile sita. Unakumbuka gitaa la kwaya lilikuwa moja tu, hilo lake, na gitaa la besi halijawahi kuwepo. Kwa hiyo Gwakisa alikuwa anaulegeza ule uzi mnene ili ushuke, mpaka unalegea kama kamba ya kuanikia nguo na kugonga mbao. Watu walidhani ni ufundi wake. Kumbe alikuwa anatafuta sauti ambayo gitaa lile halikuwa nayo.

Siku mliyomzika, mdogo wake shemeji alishika simu juu ili nisikie. Wewe ulikuwepo, mimi sikuwepo. Kibali changu kilikuwa ofisini kinasubiri mhuri, na ningetoka nisingerudi. Nilikaa kwenye ngazi za nyuma za jengo nikasikiliza maziko ya kaka yangu kwenye simu. Nilisikia mvua ikipiga migomba. Nikasikia mchungaji. Kisha kwaya ikaanza, na hapo, mama, nikasikia kitu ambacho sijakisahau. Sauti ya kwanza ilikuwepo, ya pili, ya tatu. Chini palikuwa patupu. Wale wengine wa sauti ya nne walikuwepo, nawajua, lakini wote walikuwa wanaegemea kwa Gwakisa, na siku ile hawakuwa na pa kuegemea. Wimbo ulikuwa kama nyumba iliyoinuliwa juu ya hewa.

Miezi mitatu baadaye nilipita mbele ya duka la vitu vilivyotumika, hapa karibu na ninapoishi. Ukutani, katikati ya pasi na redio za zamani, palikuwa na gitaa jeusi. Nilihesabu vifunguo vya kukazia nyuzi vilivyo kichwani mwake. Upande mmoja vinne, upande wa pili vitatu. Nikahesabu tena. Nikaingia.

Mwenye duka aliniuliza napiga muziki gani. Nikamwambia wa kwaya. Akacheka kwa heshima, akasema magitaa ya namna hiyo hununuliwa na vijana wa muziki wa makelele, wenye nywele ndefu, na hilo lilikuwa limekaa ukutani muda mrefu mpaka mke wake amemwambia alitupe. Akanipunguzia kabla sijaomba. Nilitoka nalo limefungwa gazeti, na njia nzima nilikuwa nalishika kwa mikono miwili.

Mambo ya gitaa najua hayakufurahishi, lakini nakusimulia kwa sababu ndivyo nilivyoishi mwaka huu. Nilipokuwa siwezi kulia, nilikuwa natengeneza.

Lilikuwa gitaa la bei ya chini kabisa, la kiwandani, lile mtu analonunua ili ajaribu kama atapenda. Vifunguo vilikuwa vinateleza. Ukikaza uzi, ukipiga wimbo mmoja tu, umeshalegea. Vile vyuma vidogo vilivyopangwa shingoni vilikuwa vimechomoza pembeni, vikanikwaruza vidole mpaka nikavifunga plasta. Ukilichomeka kwenye amplifaya linanguruma kama mzinga wa nyuki. Na uzi wa saba, ambao ndio nilioununulia gitaa zima, ulikuwa mwembamba, umelegea, unasema "pwa, pwa," hauna sauti yoyote ya kuitwa sauti.

Nikalipeleka kazini Jumamosi, nikamwonyesha mzee Kondwani. Yeye hupiga gitaa katika kanisa lao huku, na watu humletea ya kwao kutengeneza. Aliligeuza, akaangalia shingo kwa jicho moja kama anayelenga ndege.

"Mnyakyusa," akasema, "hili siyo gitaa. Hili ni ubao wa kukatia nyama wenye waya."

"Linatengenezeka?"

"Kila kitu kinatengenezeka. Hata ninyi wa Kyela, mchele wenu ukipikwa na Mngonde kama mimi unalika." Kisha akaniangalia vizuri. "La nani hili? Wewe hujui kupiga."

"La kaka yangu."

Alijua kaka yangu amefariki. Alikaa nami siku ile ya maziko kwenye zile ngazi. Akachukua patasi.

Basi kila Jumamosi karakana ikifungwa mchana sisi wawili tulibaki. Kwanza tulibadilisha vifunguo vyote saba, tukaweka vizito visivyoteleza. Nikapiga tupa pembeni mwa shingo yote, polepole, mpaka ukipitisha kiganja hakikwaruzi. Naijua kazi hiyo kwa sababu ndiyo ninayofanya kwenye mikono ya viti. Ule mngurumo tuliutafuta majuma mawili, kumbe ni waya mmoja mwembamba chini ya daraja la nyuzi ulikuwa umeachia. Mzee Kondwani aliuunga kwa risasi ya kuyeyusha, gitaa likanyamaza. Ndani tulilivisha karatasi ya shaba. Vile visumaku viwili vinavyosikiliza nyuzi, kimoja kilikuwa kimekufa, na tukapata kingine kilichotumika, kizuri kuliko vyote viwili.

Kisha kile kidaraja kidogo cha juu, mahali nyuzi zinapopita kuingia kichwani. Kilikuwa cha plastiki na kimeliwa. Mzee Kondwani akasema mfupa wa ng'ombe ndio unaofaa. Nikanunua mifupa ya supu, nikachemsha, nikaanika dirishani, nikapiga msasa na kukata mifereji saba kwa tupa ndogo. Wa kwanza nilikata mfereji wa saba karibu sana na ukingo, ukamegeka. Wa pili ukapasuka. Mzee Kondwani akaniambia, "Kunywa supu nyingine, urudi kazini." Wa tatu ukakubali. Ukilitazama gitaa, mama, hicho kipande cheupe juu ya shingo ni kazi ya mkono wangu.

Ulibaki uzi wa saba. Maduka ya jirani huuza nyuzi sita sita. Na hapa nilifanya jambo ambalo wewe utacheka, au utakasirika. Nilikwenda kwa fundi baiskeli, nikanunua waya wa breki.

Mzee Kondwani aliponiona naufumua kwenye meza, aliweka kikombe cha chai chini kwanza. Ndipo akacheka mpaka akakaa sakafuni kwenye vumbi la mbao.

"Na ninyi pia!" akasema. "Na ninyi pia!"

"Kwani ninyi mlitumia nini?"

"Waya wa baiskeli ya katekista! Tulimpigia wimbo kwa waya wake mwenyewe, akatusifu!"

Tuliufunga. Ulilia kama kikaango kinachoanguka, na ukaanza kuutafuna mfupa wangu niliouhangaikia Jumamosi mbili. Tukautoa haraka. Uzi wenyewe niliagiza baadaye kutoka duka la mjini, mnene kama waya wa uzio, na ndio uliomo sasa. Lakini siku ile, kwa sababu ya kucheka, nilimsimulia mzee Kondwani habari ya baiskeli ya baba. Na nilipofika mwisho wake nikashindwa kuendelea, kwa kuwa mwisho ule niliusema kama ninyi mlivyoujua, na haukuwa kweli.

Unakumbuka. Gwakisa alikuwa na miaka kumi na miwili, mimi tisa. Tulitengeneza gitaa la galoni ya mafuta, tukakosa nyuzi, tukakata waya wa breki ya nyuma wa baiskeli ya baba. Kyela ni tambarare, hakuna anayehitaji breki, baba akaendesha wiki nzima bila kujua. Mpaka siku bata wa jirani walipokatiza njia, akafinya breki, haikushika, akaingia na baiskeli na ndizi zote kwenye majamvi ya kakao ya mama mchungaji. Alirudi nyumbani na kakao mbichi kwenye suruali mpaka kiunoni, ananuka pombe bila kuinywa, maana kakao ilikuwa imeanza kuchacha, na wewe ukaficha uso kwenye kanga ili asione unacheka. Kisha akauliza nani. Gwakisa akasema, "Ni mimi." Akachapwa, na mwezi mzima akabeba maji ya mama mchungaji.

Aliyekata waya ni mimi. Gwakisa alikuwa bondeni siku hiyo, hata hakujua. Aliona waya kwenye gitaa, akaniangalia, akajua, na baba alipouliza akajibu haraka kabla sijafungua mdomo. Jioni nilimfuata nikamwambia nitasema ukweli. Akaniambia, "Nyamaza. Nimeshachapwa mimi, na wewe uchapwe ya nini? Twende tukapige." Nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo, baba amekufa hajui.

Mama, pumzika kidogo hapa, unywe maji. Linalofuata ndilo neno lenyewe.

Februari ile, miezi miwili kabla ya kifo chake, Gwakisa alinipigia tena. Hakuomba gitaa la nyuzi saba, alijua ni ndoto. Aliomba begi. "La mgongoni," akasema, "la mikanda miwili. Huku nalifunga kwa kanga ya shemeji yako, naye ameanza kuidai. Nikipanda pikipiki sina mkono." Ndivyo alivyosema: sina mkono. Nikamwambia nitalileta. Na nililinunua, mama. Nililinunua wiki ile ile. Jeusi, nene, jipya.

Mzee Kondwani alikuwa anasafiri kwenda kwao Karonga mwisho wa mwezi huo. Siku ya Jumamosi aliniuliza, "Una mzigo wa nyumbani? Nina mkono mmoja mtupu." Nikamwambia ninao, kesho asubuhi nitauleta stendi. Kesho yake ilikuwa Jumapili, mvua inanyesha, nimechoka kwa kazi ya wiki. Niliamka, nikalitazama begi juu ya kabati. Nikasema moyoni, atapatikana mwingine wa kusafiri. Nikamtumia mzee Kondwani ujumbe kwamba mzigo haujawa tayari. Nikalala tena.

Hakupatikana mwingine. Machi ikapita. Gwakisa akaniuliza mara moja, nikamwambia liko njiani. Halikuwa njiani. Lilikuwa juu ya kabati, na mimi chini yake nalala.

Aprili akapanda ile pikipiki kwenda Mbugani kuwaimbia watu waliofiwa, mvua na tope, mkono mmoja umekumbatia gitaa lililofungwa kanga. Pikipiki ikateleza, naye hakuwa na mkono wa kujishikia. Mengine unayajua wewe kuliko mimi.

Kwa hiyo, mama, uliposema ule mkono ulioshika gitaa ndio ungemshika mwenye pikipiki, ulisema kweli. Ila siyo gitaa lililoushikilia mkono wake. Ni mimi. Gitaa limechukua lawama yangu, limekaa kwenye moshi wa jikoni mwaka mzima, kama Gwakisa alivyobeba maji ya mama mchungaji. Sitaki nibebewe adhabu yangu mara ya pili.

Haya yote nilimwambia kwanza mzee Kondwani, mwezi uliopita, gitaa lilipokwisha. Alisema linahitaji begi la safari, nikamwambia ninalo. Nikalileta. Akafungua zipu, akaona ile karatasi ya dukani bado imo ndani.

"Jipya kabisa. Umelinunua lini?"

Nikamwambia. Akaifunga zipu, akaifungua tena.

"Huu ndio ule mzigo?" akauliza. "Wa Jumapili ile?"

"Ndiyo."

"Nilikusubiri stendi," akasema. "Hata baada ya ujumbe wako nilisubiri, nikasema labda atabadili mawazo." Nikadhani atanisema. Akaliingiza gitaa ndani ya begi, kichwa kikabana kidogo kwa sababu begi ni la nyuzi sita, akakisukuma taratibu mpaka kikaingia. Akavaa mikanda yote miwili, akatembea nalo kutoka meza mpaka mlangoni na kurudi, mikono yake yote mitupu. Akasema, "Safari hii nitalibeba mimi mpaka mlangoni kwa mama yako. Lakini maneno haya uyaandike wewe. Mimi sibebi maneno."

Ndiyo maana nimeandika.

Sasa ombi langu. Shemeji ameniambia mwezi wa nane, njia zikikauka, mtajenga kaburi, na kwaya itakuja. Tumpe ana miaka kumi na sita, na wewe hujui, au unajua na umenyamaza, kwamba kila Jumamosi anakwenda kanisani kujifunza kwa gitaa la kuazima. Anapiga kama baba yake. Nimemsikia kwenye simu. Mwaka jana aliniuliza, "Baba mdogo, bibi akisikia atanifukuza?" Naomba siku ile ya kaburi umruhusu apige hili. Aimbe yeyote anayeimba, ila uzi wa saba uwe chini yao, wawe na pa kuegemea. Mimi nitakuwa huku. Mhuri bado.

Lakini siji kwa nguvu, mama. Nimekuulia mtoto wako kwa uvivu wa asubuhi moja, sina haki ya kukulazimisha usikilize kitu. Mzee Kondwani atakaa kwao wiki tatu, na kabla ya kurudi huku atavuka tena mpaka wa Kasumulu kuja kuwaaga. Akikukuta hulitaki, mpe alirudishe. Hutahitaji kuandika wala kupiga simu. Nitakwenda stendi kumpokea, na safari hii nitaamka. Nikimwona anashuka na begi mgongoni, nitajua, sitauliza, nitalipandisha juu ya kabati na kulala chini yake. Nikimwona mikono mitupu, mgongo mtupu, nitajua pia.

Kama litabaki, mwambie Tumpe mambo haya. Nyuzi nimezilegeza kwa ajili ya safari. Asizikaze siku ya kwanza. Mbao imezoea ukavu wa huku, aiache siku mbili ikutane na hewa ya Kyela. Azikaze kidogo kidogo, na ule wa saba wa mwisho. Akimaliza kupiga afute kwa kitambaa kikavu, maana joto la huko litazitia kutu. Aweke kifuko kidogo cha mchele ndani ya begi kinyonye unyevu. Na asiliegemeze kamwe ukutani ambako kuku wanapita.

Kuna jambo moja tena. Tumpe aliniambia, si wewe. Kwamba siku ya maziko watu walipokuwa wanatupa udongo, wewe ulitupa wako, ukarudi nyuma, kisha ukainama tena, kwa goti lile lile bovu, ukachukua mwingine. Mtu akataka kukushika akidhani umezidiwa. Ukamwambia, "Niache. Huu ni wa Lugano." Mama, ulinitupia udongo wangu wakati hujui lolote. Sijui kama ungenitupia ungejua. Ndaga fijo, asante sana. Hilo sitalilipa.

Nisalimie shemeji Subilaga, mwambie kanga yake nimeikumbuka, nimeweka nyingine kwenye mfuko wa mbele wa begi. Nisalimie Tumpe na wadogo zake wawili. Msalimie mjomba wa Ipinda aliyenifundisha kuogelea, na shangazi wa Matema, mwambie chungu cha Wakisi alichonipa kilifika kizima mpaka huku na bado napikia maharage. Msalimie mwalimu wa kwaya. Msalimie mama mchungaji kama bado anaanika kakao, na ukiona inafaa, mwambie ni nani aliyekata ule waya.

Ukienda kaburini, nenda na fimbo. Ukifika, mtaje kaka kwa jina kwanza, kisha unitaje na mimi.

Mnikumbuke.

Mwanao,
Lugano